Namba ya Siri ya Mzee Saif

Anfal alimtambua Mzee Saif kwa kisogo tu, maana wanakaa jengo moja pale Kariakoo. Ndani ya basi la mwendokasi mzee alikuwa amembana kijana asiyemjua, kosa lake fulana yenye jina la kampuni ya intaneti.

“Mchana intaneti inaruka kama swala. Ikishaadhiniwa magharibi inatambaa! Mnatuibia!”

“Hatuibi, mzee wangu. Jioni mtaa mzima umerudi nyumbani, kila mtu na tamthilia yake, na njia ni ileile. Hata humu saa kumi na moja si tunabanana?”

“Nalipia mwenyewe, nibanane na nani?”

“Namba ya siri ya Wi-Fi yako umempa nani?”

“Jirani hanyimwi. Nimempa Bi Fatuma wa chini, basi.”

Anfal akainamia simu. Bi Fatuma naye si mchoyo: Ramadhani iliyopita kila mlango aliopeleka sahani ya futari, namba aliiacha hapohapo.

“Leo naibadilisha!” mzee akaapa. “Hapati mtu! Labda Bi Fatuma.”

Kijana akafungua kinywa, basi likasimama Gerezani. Anfal alishuka wa kwanza, simu sikioni. “Shikamoo, Bi Fatuma. Usiku utaletewa namba mpya. Usitusahau majirani.”