Mama Kutu na Kifaru Kisafi

Leo, tarehe 30 Juni, fundi rangi wa karakana ya mifano anarudisha funguo zake baada ya miaka thelathini na mmoja katika makumbusho haya. Aliingia akiwa mama kijana wa mtoto mmoja. Anatoka akiwa bibi wa wajukuu wanne, ingawa yeye husisitiza kwamba mvi zile ni vumbi la msasa.

Hakuajiriwa kutengeneza mifano. Aliajiriwa kuandika vibao, na kwa miaka mitatu ya kwanza kazi yake kubwa ilikuwa kuandika "Tafadhali usiguse" kwa rangi nyekundu. Fundi wa mifano wa wakati ule alipougua mgongo, aliombwa asaidie kupaka rangi mfano mdogo wa gari la zimamoto. Hakurudi tena kwenye vibao. Tangu siku hiyo amekuwa mtu pekee katika jengo hili anayelipwa kugusa.

Kwa wasioijua karakana yetu, mfano ukitoka kuunganishwa hung'aa kama sahani ya dukani. Hakuna anayeamini kwamba gari hilo limewahi kwenda popote. Kazi ya fundi rangi ni kuuzeesha. Kwanza hupuliza rangi ya awali, kisha rangi yenyewe, na sehemu za juu zinazopigwa na jua huzipausha kidogo. Rangi ikikauka huipaka vanishi, halafu hupitisha maji mepesi ya kahawia yanayojitafutia njia kwenye viungo. Michubuko huiweka kwa kipande cha sifongo, kwa kuwa brashi, asema mwenyewe, ina adabu mno. Mwisho huja kutu, vumbi na tope.

Jina la Mama Kutu lilitoka nyumbani kwake. Shemeji yetu, mumewe, alikuja siku moja kuulizia kifuniko cha sufuria kubwa kilichopotea jikoni. Alikikuta kimetundikwa ukutani juu ya meza ya mkewe, kwa sababu kilikuwa na kutu nzuri ya kuigwa. Alikitazama, akatutazama sisi, akasema, "Kumbe mshindani wangu ni kifuniko." Akaanza kumwita Mama Kutu palepale, nasi tukadakia.

Barabarani ni shida kutembea naye. Akiona lori limesimama, lazima ainame aone tope limeanzia wapi na limeishia wapi. Dereva mmoja wa lori la mchanga aliteremka akiwa ameshaishika leseni. "Mama, bima nimekata juzi tu," alijitetea. Alijibiwa kwamba bima haina shida, ila tope lake ni zuri sana, asilioshe kwanza.

Si mtu mwepesi kufanya naye kazi. Ukipumua karibu na meza yake atakuuliza kama kwenu hakuna hewa. Amechovya brashi kwenye chai mara nyingi, na mara zote kosa lilikuwa la kikombe. Lakini treni, kivuko, kreni na mabasi yote yaliyomo katika ukumbi wa usafiri yamepita mikononi mwake, na hakuna hata kimoja kinachofanana na kingine kwa uchakavu.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa mfano wa kifaru cha vita, na hiyo inastahili kuelezwa kwa kirefu.

Kifaru chenyewe kilikatwa zamani na kuuzwa kama chuma chakavu. Aliyekijua kuliko wote ni mzee mmoja anayeishi mitaa miwili kutoka hapa, aliyekiendesha ujanani. Sote tunamwita Dereva. Alituazima picha moja isiyo na rangi: yeye kijana, amekaa juu ya kifaru, miguu inaning'inia, na ubavuni mwa kifaru mabaka meusi yametapakaa. Tulikubaliana kwamba chini ya kabati la kioo kitawekwa kibao chenye jina lake. Alikuwa ameshawatangazia watoto, wakwe na majirani.

Mama Kutu alipoyaona yale mabaka alifurahi. Alichekecha udongo, akauchanganya na gundi na plasta, akakitia kifaru tope kuanzia minyororo mpaka mabegani. Kutu aliitiririsha kutoka kwenye kila bawaba. Kilikuwa kidogo, cha kukaa juu ya viganja viwili, lakini kila aliyepita alisimama. Mkurugenzi alisema anasikia harufu ya vita.

Tarehe 4 Aprili Dereva alikuja kukiona. Alivua kofia, akainama. Kisha akauliza, "Binti, hiki ni cha nani?"

Mama Kutu, ambaye hakuwa ameitwa binti kwa miaka mingi, alimjibu kwamba ni chake yeye mzee.

"Changu hakikuwa na uchafu huu. Nilikuwa nakiosha kila jioni, vita au si vita. Wenzangu walikuwa wananiita mke wa kifaru."

Akaonyeshwa ile picha na yale mabaka. Alicheka kidogo, bila furaha. "Hilo si tope, mwanangu. Ni maji. Hapo nimetoka kukiosha."

Hakugomba. Aliomba tu kibao chenye jina lake kiondolewe, kwa sababu hawezi kuwaleta wajukuu waje kusoma kwamba babu yao alikuwa mtu mchafu. Akavaa kofia yake, akaondoka.

Mkurugenzi alitoa ushauri ambao wengi wetu tuliuona wa busara: kibao kitoke, kifaru kibaki, maana wageni wanapenda tope na siku ya ufunguzi wa ukumbi mpya imekaribia. Mama Kutu alikataa. "Nimemvalisha mtu nguo chafu," alisema, "halafu nimsimamishe mbele za watu bila jina, ndiyo iwe heshima?" Alasiri hiyohiyo akaomba aunganishiwe kingine.

Ugumu ulikuwa huu. Kifaru kipya ni rahisi kukipaka, na kifaru kichafu ni rahisi pia. Lakini kifaru kilichochakaa kwa safari na bado kikaoshwa kila jioni, kinazeekaje? Tope limeondoka, umri umebaki. Vitabu vyake havikuwa na jibu, na malori ya mitaani hayakumsaidia, maana hakuna anayeyaosha.

Wiki iliyofuata alikwenda nyumbani kwa Dereva akiwa na bodi ya kifaru isiyopakwa rangi, penseli na kitambaa. Mimi nilibeba sanduku. Mzee alifungua mlango nusu, akabaki ameushikilia. Mkewe akamwambia kutoka ndani, "Wewe, wageni hawahojiwi mlangoni." Tukaingia.

Mama Kutu aliweka bodi juu ya meza ya chakula, akamkabidhi kitambaa. "Mzee wangu, nionyeshe ulivyokuwa unakiosha."

Mzee alidhani anataniwa. Alikishika kitambaa kwa ncha za vidole, akafuta juu mara moja, akasita, akafuta tena. Halafu mkono ukakumbuka. Ulianza kulia, ukazunguka tundu la kuingilia, ukabonyeza kwenye ukingo, ukateremka hadi kwenye kipandio. Kidole gumba kiliingia chini ya bawaba bila yeye kutazama. Mama Kutu alimfuata kwa penseli, akitia alama kitambaa kilipokaza na pale kilipopita juujuu.

Walipofika upande wa kushoto, nyuma ya gurudumu la mwisho, mkono uliruka.

"Na huku je?" aliuliza Mama Kutu.

"Huko mkono hauingii," alisema Dereva. "Huko hata sajenti alikuwa hachunguzi."

Penseli ikaweka alama ya msalaba.

Kule karakanani Mama Kutu alifanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kabla. Alikipaka kifaru rangi yote, akakizeesha kwa kutu na michubuko, kisha akakitia tope kila mahali na kuliacha likauke. Baada ya hapo akakiosha. Alichukua pamba iliyolowa, akaifungia kwenye kijiti, akafuata njia ya mkono wa mzee, kulia kwanza. Pale kitambaa kilipokuwa kikikaza, rangi ilififia hadi chuma kikachungulia. Ubavuni palibaki michirizi myembamba ya maji. Nyuma ya gurudumu la mwisho la kushoto aliliacha tope lilivyo, tabaka juu ya tabaka.

Kibao tulikuwa tumeshakiondoa. Dereva alipelekewa mwaliko, akasema ataona. Mama Kutu hakuuliza zaidi.

Tarehe 20 Juni ukumbi mpya ulifunguliwa. Hotuba zilikuwa zimekwisha Dereva alipotokea, amevaa koti, mkewe pembeni, watoto na wakwe na wajukuu wamefuatana nyuma yake. Mama Kutu alikuwa amesimama karibu na mlango wa kutokea, mikono kwenye mifuko ya aproni. Mzee alikwenda moja kwa moja kwenye kabati. Aliinama upande wa kulia. Akazunguka mbele. Akafika kushoto, akakaa hapo.

Mkewe ndiye aliyesogeza uso kwenye kioo, usawa wa gurudumu la mwisho. Akainuka, akamgeukia mumewe.

"Ndivyo unavyoosha hata masufuria," alisema. "Nyuma hugusi."

Wakwe walianza kucheka kwa adabu, watoto wakacheka bila adabu, na Dereva mwenyewe alicheka mpaka akashika ukingo wa kabati. Alipopata pumzi alitazama chini ya kioo, mahali palipoachwa matundu mawili matupu. "Binti," aliita, "kibao changu mmekipeleka wapi?"

Kilikuwa mfukoni mwa aproni ya Mama Kutu. Makabati ya vioo ni kazi yangu, kwa hiyo ni mimi niliyekipiga skrubu, familia nzima ikiwa imenizunguka na kunielekeza kama kimenyooka au hakijanyooka. Mjukuu mkubwa alikisoma kwa sauti, jina lote, hadi la babu wa babu.

Kile kifaru cha kwanza, chenye tope, kiko stoo. Mama Kutu ameagiza kisitupwe, ila kisionyeshwe kwa jina la mtu yeyote.

Kwa niaba ya karakana, ofisi, walinzi na wahudumu wa kumbi, tunamshukuru kwa miaka yote aliyotupa na kwa kazi zitakazoendelea kutazamwa na watu ambao hawatamjua. Nenda salama, dada yetu. Uwe na afya, uwe na muda wako mwenyewe, na siku zilizo mbele yako ziwe za heri.