Shingo ya Mtaro

Ukishuka kidogo kutoka Kapsoit, pale kwenye banda la kununulia majani, kuna benchi la mkaratusi ambalo halijawahi kukosa mwenye maoni. Watu hufika mapema na magunia yao ya chai mbichi, lori nalo huja linapotaka, na katika kungoja huko ndiko mambo ya dunia nzima huamuliwa. Siku hiyo aliyekaa katikati na thermosi ni mzee Kipkirui. Kijiwe humwita Mtaro, tangu mwaka ule ugonjwa wa uyoga ulipoingia kwenye mizizi ya chai, naye akapita shamba baada ya shamba na jembe begani, akiwachimbisha watu mitaro kama askari wa mkoloni, ili ugonjwa usipite chini kwa chini hadi miti ya jirani. Sasa alikuwa akinywa chai kwa upande mmoja wa mdomo. Upande wa pili, kwenye taya la juu, kulikuwa na saratani. Kukatwa taya alikuwa ameshakubali. Kilichomnyima usingizi ni shingo.

— Ebu rudia pole pole, alisema Bosire, mwenye duka la dawa za mifugo, ambaye wote humwita Sindano. Daktari anataka kukata shingo, na shingo haina kitu?

— Haina kitu kinachoonekana. Amepapasa, amepiga picha, hakuna. Lakini anasema hii ya taya la juu wakati mwingine hushuka shingoni kimya kimya, inajificha kwa tezi. Anataka azitoe siku hiyo hiyo wananitoa taya.

— Na akizitoa apate ni safi?

— Basi zitakuwa zimetoka zikiwa safi.

Benchi lilicheka mpaka likalia. Mtaro naye alicheka, ingawa kucheka kulimuuma. Simu ilikuwa mfukoni mwake. Daktari alikuwa akingoja jibu leo hii, kabla ya kufunga kliniki, na mkewe Rodah alikuwa amemwambia asubuhi, akimfungia kifuniko cha thermosi: shingo ni yako, mimi nitaipenda vyovyote itakavyorudi. Ukweli ni kwamba aliogopa. Alikuwa amekuja kijiweni ili mtu yeyote, hata mjinga, amwondolee woga huo.

— Mtaro, usikubali, alisema Jonah, Shemasi wa kanisa, mwenye methali kwa kila ugonjwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Si hiyo inasema nikubali?

— Wapi! Ufa uko wapi kwa hiyo shingo? Hakuna. Sasa daktari ataziba nini? Atajenga ukuta bure!

— Shemasi amesema ukweli leo, alidakia Nganga, ambaye wamembatiza Bei kwa sababu hakuna kitu asichojua kinauzwa ngapi. Mimi gari yangu ikigonga bampa, fundi akiniambia ati atoe na gearbox, na gearbox iko sawa, huyo ni mwizi. Period.

— Bei, mtu si gari, alisema Sindano. Mtu ni ng'ombe. Na kwa ng'ombe, tezi za shingo ndizo zinabeba akili. Nimeona kule Sigor, fahali alitolewa tezi, akaanza kufuata punda.

— Haki?

— Akalala hata kwa boma ya punda! Mwenyewe alimwita kwa jina, akakataa.

— Na mtu je? aliuliza Mtaro. Alijua Sindano anaongopa, ila aliuliza.

— Mtu ni mbaya zaidi. Sauti inapanda. Wewe unaimba bass kanisani, si ndiyo? Utaamka umekuwa soprano. Rodah akuite wewe uitike, adhani ni mgeni.

— Wacha sauti, alisema Shemasi. Mimi naogopa kuinama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sasa huyu akikatwa shingo, cha mvunguni atatoa aje? Na kwa maombi? Mungu ataona mtu mmoja tu amesimama wima katikati ya wenye dhambi, ajue ni kiburi.

— Na chai! Bei alisimama kabisa. Hamjafikiria chai! Taya ya juu imetolewa, shingo imefunguliwa. Mtu akikunywa, chai itapitia wapi? Itatokea hapa kwa kola! Mwanaume wa Kericho, achuruzike chai kama paa la nyasi!

Wakacheka tena, wakamiminiana. Mtaro aliwatazama marafiki zake, wenye midomo mipana kuliko mabanda yao, akawapenda sana wakati huo. Lakini woga wake ulikuwa pale pale.

— Daktari alisema kitu kimoja kweli, alisema polepole. Bega la upande huu linaweza kukaza. Nitafanya mazoezi, lakini inaweza kuchukua muda. Na kikapu cha majani nimebeba kwa bega hili tangu nioe.

Bei aliketi tena.

— Si unaona, alisema Bei, safari hii bila kucheka. Bega zima, kwa sababu ya kitu hakuna mtu ameona.

Wakati huo akafika Wanjiru na gunia lake mgongoni. Alikuwa amenunua shamba lililopakana na la Mtaro, hajamaliza hata misimu mitatu, na kwenye benchi hilo hajawahi kuketi. Alitua gunia, akaamkia wazee, akapokea kikombe. Hakujua lolote kuhusu shingo.

— Mzee Kipkirui, nafurahi nimekupata. Kuna kitu kimekaa kwa roho yangu kama jirani, na si kwa ubaya. Unakumbuka ile miti yangu ya chai kwa mpaka, ulikuja na jembe ukaniambia ning'oe?

— Nakumbuka.

— Ule mti ulikuwa umekauka, huo sina neno. Uyoga tuliuona kwa mizizi. Lakini ile mingine ya kuuzunguka ilikuwa kijani. Ilikuwa inatoa majani mazuri! Na hawa wazee wote walikuja wakasimama nyuma yako wakisema ng'oa, mama, ng'oa. Nikang'oa. Sasa nauliza tu nielewe: kwa nini ning'oe miti iliyokuwa mizima?

Bei akajikuna kisogo, kisha akakumbuka kwamba kisogo nacho ni shingo, akashusha mkono.

— Si mnijibu? alisema Wanjiru. Wazee wanne!

Mtaro ndiye aliyeanza. Kilianza kifuani kama kikohozi, kikapanda, na alipogundua ni kicheko hakukizuia. Alishika taya kwa mkono mmoja na goti la Shemasi kwa mkono wa pili, machozi yakamtoka. Wengine nao wakalipuka. Wanjiru aliwatazama mmoja mmoja, kikombe mkononi, akiwa na hakika kwamba amehamia kwa wendawazimu.

— Kikapu tutabeba sisi, alisema Bei akijipangusa macho. Kwa zamu. Bila bei.

— Mungu mkubwa, alisema Shemasi. Andikeni hiyo.

Mtaro alitoa simu, akabonyeza, akasimama.

— Daktari? Ni Kipkirui wa Kapsoit. Ndiyo, nimeamua. Ng'oa... Eeh, na za shingo. Hata zile za kijani.

Alisikiliza.

— Hapana daktari, sijalewa. Ni chai tu.

Shemasi alitaka kuwamiminia wote kwa furaha. Aliinamisha thermosi, ikatoa matone mawili, ikaisha.

— Sawa, alisema Wanjiru. Lakini mzee, swali langu bado hujalijibu.