Paa li Mtini Juu

Ilikuwa Jumanne, saa kumi na dakika ishirini alasiri, Fundi alipokata simu na kubaki ameishikilia kama mtu aliyemeza sindano. Kibanda chake cha kushonea kimepakana na benchi la kona, lile lenye mguu mmoja wa tofali, kwa hiyo hana siri: akipiga chafya, benchi linamwombea uzima. Siku hiyo walikuwepo wenyewe watatu: Kinyozi, ambaye mdomo wake hukata kuliko mkasi, Profesa, fundi baiskeli aliyepata cheo hicho kwa sababu ya miwani, na Mama Kahawa, mwenye birika, na kwa hiyo mwenye benchi. Wote walijua habari. Bibi yake Fundi ana shairi moja la dhoruba alilolibeba tangu utotoni, analisoma kila siku. Sasa sikio la kushoto limeziba na la kulia linafuata. Alichoomba ni kimoja tu: alisikie kutoka kinywa cha mtu mwingine, asiyefundishwa na yeye, mara moja, kabla halijaziba hilo lililobaki. Miezi miwili Fundi alikuwa akiwasaka ndugu wa baba yake bibi, mwana wa kiume kwa mwana wa kiume, maana nyumbani walikuwa wakiliita shairi la babu. Simu hiyo ilikuwa ya mwisho.

— Wamesemaje? aliuliza Mama Kahawa.

— Wamesema kwao hakuna mtunzi. Wanauza mbao tu. Na nisiwasumbue tena.

— Basi hao si ndugu, alisema Kinyozi. Mimi nimekwambia kitambo, mdogo wangu, unatafuta nchi kavu wakati babu alikuwa baharia. Hebu lisome tena.

Fundi hakuhitaji kutafuta karatasi. Alilisoma kwa sauti, akipumua panapostahili:

Upepo ulipovuma, ukavunja nguzo kuu,
Watoto wakatetema, wakashika langu guu,
Wifi yangu kasimama, mlangoni kama nguu,
Kulipokucha salama, paa li mtini juu.

— Umesikia? Nguzo kuu! Hiyo ni nguzo ya tanga. Meli imevunjika hapo.

— Na mlango je, kaka? aliuliza Fundi.

— Kwani meli haina mlango? Watu wanaingilia dirishani?

— Na mti? Mti unafanya nini baharini?

— Kisiwa, alisema Kinyozi, na akanywa kahawa haraka kabla hajaulizwa jingine.

Profesa alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa chenye grisi, akaivaa ikiwa chafu zaidi.

— Nyinyi mnasoma maneno. Someni mambo! Upepo ni vita. Nguzo kuu ni mtawala, ameangushwa. Watoto ni raia. Babu yako, mwanangu, alikuwa waziri. Ndiyo maana raia wanamshika mguu.

— Na wifi?

— Jeshi. Kama nguu! Kilele cha mlima hicho, hakipitiki. Jeshi tupu.

— Haya, na paa?

— Hazina ya serikali, iko mtini. Mpaka leo haijashushwa.

Fundi alijikuta anacheka. Alitaka kusema kwamba watoto wanaoshika guu ni watoto tu, wenye kamasi na woga, lakini Mama Kahawa alikwisha kuinua birika, na anapoinua birika watu hunyamaza.

— Mmekosea wote. Nguzo imevunjika, sawa? Paa limeondoka, sawa? Lakini limefika mtini zima, halikusambaratika! Nani alilitua? Huyo babu alipanda juu yake, akaliendesha. Alikuwa rubani.

— Rubani wa paa? alisema Kinyozi.

— Wewe unashindwa kunyoa mtu bila kumtoa damu, utayajua mambo ya kurusha vitu?

— Lakini, Mama, ndege zilikuwa bado...

— Ndiyo maana alitumia paa!

Benchi likayumba kwa vicheko, tofali likachomoka, Profesa akabaki ameshika vikombe viwili hewani. Wakati wanalirudisha, mteja mmoja alikuwa amesimama mbele ya kibanda, mfuko mkononi, mgeni kabisa mtaani. Alileta gauni la kupunguza.

— Samahanini, nimesikia nikiwa pale nasubiri, alisema. Hili gauni ni la wifi yangu, ndiyo maana sikio likasimama. Naomba kuuliza. Huyo babu yenu, mwanamume mzima, wifi kampata wapi?

Profesa alivua miwani tena, safari hii hakuifuta.

— Labda alikusudia shemeji, alinong'ona Kinyozi.

— Mtu akosee namna ya kumwita shemeji yake, mpaka ndani ya shairi? aliuliza mgeni.

Mama Kahawa alimmiminia mgeni kikombe, cha bure, jambo ambalo benchi halikuwahi kuliona. Fundi alipokea gauni, akasahau kupima.

Asubuhi ya Jumatano aliketi kitandani kwa bibi, upande wa sikio lililobaki.

— Bibi, shairi hili alitunga mama yako?

— Alitunga nani tena?

— Mbona hukutuambia!

— Mliniuliza baba alilitungia wapi. Nikawaambia, baba hakutunga hata uongo. Mkaniambia, bibi, umechoka, pumzika. Nikapumzika.

— Na huyo wifi yake?

— Si ndiye shangazi yangu? Dada yake baba. Tulikuwa nyumba moja usiku ule. Baadaye aliolewa ng'ambo ya mto, kwa wachoma matofali. Akazaa watoto wengi, na wote wana midomo.

Fundi alikuwa tayari chini, akimtafutia viatu uvunguni.

— Lakini tukifika usiwaulize hili, alisema bibi. Hili ni letu, hata wewe waweza kunisomea. Waombe lao. Shangazi alimjibu mama, ubeti mzima, mbele ya watu, na watu wakaanguka kwa kicheko. Mimi nilikuwa mdogo, sikuushika.

Fundi alimfunga bibi kamba za kiatu cha kulia, akagundua ni cha kushoto, akaanza upya.