Benchi Linaloangalia Geti

Asubuhi hiyo pale mtaani Makina, Mutanu alichemsha kahawa roho ikiwa mkononi. Afande alikuwa amepita akamwambia jioni asimkute hapo: kituo cha polisi kilicho ng'ambo ya barabara sasa ni eneo la usalama wa taifa, na benchi lake linaangalia geti moja kwa moja. Jiko angelihamisha, sawa. Lakini wateja hawabebeki kwa karai, na watoto wake nyumbani, mtaa jirani wa Lindi, wanakula hiyo hiyo kahawa. Wateja wa kudumu walikuwa wawili. Wesonga, fundi viatu, aliitwa Wakili tangu ashinde kesi ya kuku. Muia alikuwa soja wa geti la tajiri fulani, akastaafu na kujipandisha cheo mwenyewe, akawa Brigedia.

— Kisheria lazima watuonyeshe hiyo sheria, Wakili akasema.

— Usalama wa taifa hauonyeshwi, buda, Brigedia akajibu. Ukionyeshwa si siri tena.

— Sasa nitatii aje kitu sijaona?

— Unatii tu. Mimi nimelinda geti, najua.

— Ulikuwa unalinda mbwa ya mdosi, yule tajiri wako, wacha zako.

— Sikia. Hili jiko lina moshi. Setilaiti ya adui ikiona moshi, imejua kituo kiko wapi.

— Na vile kimepakwa rangi kinaonekana mpaka Kawangware?

— Basi shida ni wewe. Unahesabu maafande wakiingia. Huo ni ujasusi.

— Mimi naangalia viatu vimeisha soli, manze.

Mutanu alicheka. Hapo akafika mwanamke mmoja, vumbi hadi magotini.

— Sasa. Naitwa Nasipwondi, nimetoka Kawangware. Nyinyi hukaa hapa kila siku?

— Kila siku, Wakili akasema kwa maringo.

— Ndugu yangu Shivachi aliletwa hapo kituoni juzi, na jaketi ya njano. Huko ndani wanasema mambo ya usalama hawaongei. Mlimwona?

Mutanu alimkumbuka vizuri. Alikuwa na kiatu kimoja tu.

— Tulimwona akiingia, akasema.

— Na akitoka?

Wakili akainamia kikombe chake: akitoka hawakumwona. Brigedia akafunga zipu ya koti, akaifungua tena. Mutanu aliogopa, halafu akakasirika, na hasira ikashinda. Akamimina kahawa.

— Sogeeni. Keti hapa dada, utaona geti vizuri.

Kisha Mutanu naye akaketi. Afande aliporudi jioni, benchi lilikuwa pale pale, na wote wanne wamelikalia, wanaangalia geti.