Constantin Achagua Fimbo ya Kwenda Nayo Ukweni

Kijiwe chetu cha Bel-Air ni benchi moja, thermos moja ya kahawa, na watu wasiokubali kwamba kuna kitu hawakijui. Jioni ile Constantin, tunayemwita Chef de Gare, yaani mkuu wa stesheni, kwa sababu ya babu yake wa reli, alikuja amekunja uso. Binti yake Abigaël ameposwa na kijana wa Nyanga, kule milimani Zimbabwe, na baba wa kijana amemwalika Constantin wakavue pamoja truite, samaki wa maji baridi. Basi linaondoka kesho. Kiki, muuza vitu vya occasion, yaani vilivyokwisha kutumika, alikuwa amelaza fimbo mbili za kuvulia juu ya benchi: fupi ya mkono mmoja na ndefu ya mikono miwili. Constantin akichagua vibaya, aibu haitamwangukia yeye peke yake, itamfuata Abigaël hadi jikoni kwa mama mkwe.

— Kamata hii kafupi, Chef, Kiki akasema. Iko léger, haina buzito. Mukono moya unavua, ingine unasalimia bantu.

Kangwa, tunayemwita Docteur ingawa hajatibu hata kuku, akaweka kikombe chini.

— Weye Kiki, unataka kuvunja ndoa ya mutoto? Kwetu, hata maji ya kunywa, mukwe unamupatiaka na mikono mbili. Sasa asimame mbele yake, avue na mukono moya kama anafukuza nzi?

— Ni kweli ile, Docteur? Constantin akauliza.

— Kabisa! Kidole moya haiue chawa.

— Chawa inaingia wapi mu samaki? Kiki akauliza.

— Inaingia mu heshima! Na ule mukono ingine ataweka wapi? Mu poche ya patalo. Mukwe atajiuliza: anaficha nini mule? Kesho yake posa imekufa.

— Aah, Docteur!

— Ngoja kwanza. Truite njo samaki ya bakubwa. Iko inatuangalia toka mu maji. Ikiona mukono moya, inarudia kwabo, inaambia zingine: ule papa hana adabu, musimukubalie.

Kiki alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Constantin hakucheka. Alisimama, akashika fimbo ndefu, akafunga kipande cha sufu nyekundu mahali pa ndoano. Mara ya kwanza uzi ulimzunguka Docteur shingoni, na mimi nilifurahi, maana alistahili. Mara ya pili Constantin hakufanya haraka. Uzi ulikwenda nyuma, ukanyooka, ukarudi mbele, ukavuka barabara nzima na kutua ndani ya beseni la jirani la kufulia. Benchi zima likasimama.

— Mama yangu! Chef!

Hapo alikuwa amefika Clotilde, mwalimu aliyehamia mtaani juzijuzi, kununua kahawa yake.

— Samahani, bapapa. Kule kwenyi anaenda kuvua, maji iko mupana namna gani?

Docteur akachungulia kikombe chake. Kiki akafuta pua. Constantin akampigia binti yake, aliyekuwa ametangulia Nyanga, sauti ikasikika kwa wote.

— Papa, mutoni iko kadogo sana, Abigaël akasema. Unaruka tu.

Constantin akaanza kuikunja ile fimbo ndefu, polepole, bila kutuangalia. Niliumia kwa ajili yake.

— Lakini ku mutoni banaendaka batoto, Abigaël akaendelea. Beau-père, ule mukwe yako, anavuaka ku barrage, kwenyi balifunga maji ikakuwa mupana. Truite zinaruka katikati, na kane yake, fimbo ya mukono moya, haifikaka kule. Kila dimanche, kisha kanisa, anaenda, anarudia na kasirani.

— Haifikaka?

— Hata siku moya, papa.

Kelele tulizopiga zilitoa watu majumbani. Docteur alipiga kifua: si alisema! Hakuwa amesema hata neno moja juu ya maji, lakini nani angemsikiliza mtu wa kumkosoa? Kiki alimbusu Clotilde mkono. Constantin alikuwa ameinua fimbo ndefu juu kwa mikono yake yote miwili, machozi yanamtiririka, wala hayafuti.

— Abi, akapaza sauti kwenye simu. Ambia bakwe basinunue nyama!