Tunaomba Tuendelee Kuonana Ana kwa Ana

Mgeni rasmi, karibu kiti, na pole kwa safari. Wenzangu wamenituma mimi, bibi wa kikundi, ninayesikiliza kama programu yetu inatamka vizuri, nikusomee maneno yao. Ukituona tunapiga miayo si dharau. Wengi wametoka kazini moja kwa moja.

TULIKOTOKA
Programu yetu huwasomea wasioona kwa sauti. Ni huria: yeyote huitumia bure, yeyote huirekebisha. Tunajitolea, kila mtu akiwa kwake, tukiandikiana kwenye kompyuta.

MAFANIKIO
Sasa inasoma hata maelezo ya dawa. Lakini fanikio kubwa lilitokea mlangoni hapo, kwenye mkutano wetu wa mwaka jana. Fundi wetu wa sauti alikuja kutuaga. Kila kazi aliyotuma, mkaguzi wetu, ambaye hajawahi kumwona, alimjibu, "Hapana. Rudia." Salamu hakuna. Binti wa watu akaona anadharauliwa. Alipofika akaonyeshwa mkaguzi: baba mmoja akimlisha mwanawe mkubwa, asiyeweza kukaa mwenyewe.

"Wewe ndiye Hapana-Rudia?"

"Ndiye mimi, dada. Nisamehe. Nyumbani naandika kwa mkono mmoja, huu mwingine una mwenyewe."

"Si ungesema, kaka yangu!"

"Ningesema kwa mkono upi?"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha dada akachukua kijiko, akamlisha kijana, ili baba naye anywe chai ingali moto. Habari ya kuaga ikaishia hapo.

CHANGAMOTO
Tumesikia ofisi yako, inayotusaidia chumba na nauli, inataka kuufuta mkutano huu kwa kuwa siku hizi tunaonana kwenye skrini. Ni kweli tunaonana, mtandao ukikubali. Lakini tumechoka, mgeni rasmi. Tangu mwaka jana wenzetu wawili wametoweka. Hawakugombana na mtu, wamenyamaza tu, na kwao hatukujui tukawajulie hali.

MAOMBI
Hatuombi hoteli. Tuachie chumba hiki mara moja kwa mwaka, na nauli kwa wanaotoka mbali. Mkaguzi apewe ya watu wawili.

Na jibu lako, tafadhali, usitutumie kwa barua pepe. Litamke hapa hapa, tukiwa tumekaa bega kwa bega. Hata likiwa hapana, leo tupo wengi wa kulipokea.

Mungu akulinde njiani, akufikishe kwa wanaokungoja.

Ni sisi,
Kikundi cha Sauti ya Herufi