Yuko Nyuma, Anakuja

Habari za mchana, ndugu zangu. Asanteni kwa kunikaribisha hapa Bunda kwenye kikundi chenu cha wafiwa. Mimi ni fundi wa kuchomelea milango na madirisha, nakaa Bweri kule Musoma, na kwa wazazi wangu ni Butiama. Mke wangu alifariki mwaka jana. Sitataja jina la mtu yeyote, hata lake, maana hayupo wa kunipa ruhusa. Na ninawaomba, nikimaliza msinipigie makofi.

Mama mwenyekiti aliponiita alisema nije niwaeleze nilivyoushinda uchungu. Sijaushinda. Ninachoweza kuwaeleza ni jinsi nilivyoacha kudanganya.

Mimi nilikuwaga mwanaume wa maneno makubwa. Nyumbani kwangu mtoto alikuwa kazi ya mama yake. Binti yetu alifikisha mwaka mzima sijawahi kumbadilisha pampasi hata moja, na nilikuwa najisifia hivyo mbele ya mafundi wenzangu. Walicheka. Nikaona nimesema la maana.

Mtoto alipokaribia mwaka na nusu, mke wangu akaanza kuvimba miguu. Akitoka kisimani anakaa kwenye mawe njiani mara mbili. Tukaenda hospitali. Daktari akatuambia wote wawili, mimi nikiwa nimekaa pale pale: "Moyo wa mama umepanuka, umechoka. Asibebe kitu kizito. Hata mtoto asimbebe mgongoni." Akaandika barua aende kwa mabingwa Dar es Salaam, akasema asikae kwenye basi siku nzima na miguu ile.

Sasa asiyeruhusiwa kubeba mtoto anafanyaje? Mke wangu akaenda mnadani akanunua kigari cha mtoto, kile cha kusukuma, cha mtumba, cha kijani kilichopauka. Ndugu zangu, mnaijua Bweri ilivyo na mawe. Akipita nacho watu wanatoka nje kuangalia. Mimi niliona aibu. Nikamwambia, "Wewe mzungu wa wapi?" Gurudumu moja la mbele lilikuwa limelegea, akaniomba nilichomelee kidogo. Kazi ya dakika tano. Nikamjibu karakana yangu haitengenezi midoli.

Dada yake anayeishi Dar akamkatia tiketi ya ndege kutoka Mwanza. Akaniomba, "Baba Nani" (nasema Baba Nani kwa sababu nimeahidi sitataja majina), "Baba Nani, twende wote. Unisaidie tu mpaka nifike kwa dada, halafu urudi."

Tiketi yangu ningeipata, nisiwadanganye. Nilikuwa na kazi nzuri wakati huo. Lakini nilijiona nimeshika begi la pampasi katikati ya watu, nikasema nina milango ya shule ya kumalizia.

Akasema, "Vitu ni vingi, na mimi pumzi sina."

Nikamwambia, "Wanawake wangapi wanasafiri na watoto? Wewe ndiyo wa kwanza?"

Kesho yake asubuhi nilimpeleka stendi ya Bweri apande basi la Mwanza. Alikuwa na mtoto, kile kigari, kitanda cha mtoto cha kukunja chenye neti, beseni la kuogea lililojaa vyombo vya mtoto, na begi la nguo. Kondakta akapakia. Mimi sikupanda hata kumkalisha kwenye siti. Nilisimama chini nikamwambia dirishani, "Ukifika piga simu."

Alipiga jioni akiwa Dar. Akasema, "Nimefika. Nimechoka sana, Baba Nani."

Nikamwambia, "Umechoka nini? Si ulikuwa umekaa tu kwenye ndege?"

Akasema, "Mtoto anakusalimia."

Hospitali walimlaza. Wiki ya tano dada yake akanipigia, nikasikia tu anavyohema kwenye simu nikajua mke wangu hayupo tena. Nikapanda ndege kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Nilikwenda na begi moja dogo begani, na nawaambia ukweli, nikiwa angani niliwaza kumbe safari yenyewe ni nyepesi namna hii.

Kule Dar ndugu wakapanga: jeneza litakwenda kwa gari mpaka Butiama, na shemeji zangu ndio watakaolisindikiza. Mtoto alikuwa na mafua, dada mtu akasema hatapanda gari la msiba siku nzima na usiku mzima. "Wewe baba yake panda naye ndege, mtangulie." Akanipangia mlangoni vitu vyote: kigari, kitanda, beseni, begi. Vile vile vya stendi ya Bweri.

Hapa ndugu zangu naomba mnivumilie, maana mtaona nasimulia mambo ya mizigo na ninyi mmekuja kusikia habari za kifo.

Pale uwanjani, kabla ya kuingia, kila kitu kinapita kwenye mashine. Mtoto unamtoa kwenye kigari, unakikunja, unakipandisha. Kukikunja kile kigari kunataka mikono miwili na mguu mmoja wa kukanyaga chuma cha chini. Sasa mtoto unamweka wapi? Sakafuni anakimbia. Ukimbeba, mkono umebaki mmoja. Nyuma yangu foleni, watu wanasonya. Na mtoto analia, hanitaki, anajirusha nyuma kama samaki. Wiki tano hajaniona, na hata nilipokuwa naye nyumbani hakunijua kwa mikono, alinijua kwa sauti tu, ile ya kufoka.

Askari wa kike akanifuata. "Kaka, huyu mtoto ni wa nani?"

"Wangu."

"Mbona anakukataa? Mama yake yuko wapi?"

"Yuko barabarani, anaelekea Butiama."

"Yaani amekuachia mtoto mdogo hivi akapanda basi?"

"Hajapanda basi, dada. Yuko kwenye jeneza."

Akaniangalia sana. Akaomba kadi ya kliniki, akasoma jina la baba, akaomba na kitambulisho changu. Halafu akampokea mtoto, akasema kwa upole, "Haya, kunja sasa." Nikakunja. Hata na mikono miwili nilijibana kidole mpaka kikatoka damu.

Kaunta ya kwanza wakasema kitanda ni kirefu, nikipeleke kaunta ya mwisho. Ya mwisho wakasema kwanza nikafungiwe beseni, vyombo vinamwagika. Nikaenda na kurudi, mtoto mkononi, jasho linanitoka mgongoni. Mtoto akajisaidia. Nikaingia naye chooni, choo cha wanaume, hakuna hata mahali pa kumlaza. Nikatandika shati langu sakafuni. Pampasi nikaigeuza huku na huku, mbele sikuijua wala nyuma. Mama mmoja wa usafi akasikia kilio, akagonga, akaingia, akapiga magoti pembeni yangu.

"Mke wako hakukufundisha, baba?"

"Alitaka. Mimi ndiye sikutaka kufundishwa."

Alinionyesha, akaifungua yote, akasema nifunge mwenyewe.

Mimi ni mtu wa kubeba mageti ya chuma. Mapafu yangu mazima, moyo wangu mzima. Na mpaka nakaa kwenye kile kiti cha ndege, nimefungiwa mtoto tumboni kwa ule mkanda mdogo wa watoto, nilikuwa nahema. Ndipo nilipomwona mke wangu. Sisemi nilimwona kwa maono, hapana. Nilimwona kwa hesabu ya kawaida tu: alipita kwenye mashine na kaunta kama zile kule Mwanza, vitu vile vile, yuko peke yake, na moyo uliokwisha kuchoka. Na jioni yake nikamuuliza amechoka nini.

Lakini hilo lilikuwa bado siyo lenyewe.

Tuliposhuka Mwanza akaja mbeba mizigo mmoja, mtu mzima wa makamo, na toroli lake. Akapakia kitanda, akapakia beseni. Alipokishika kile kigari akainama, akashika gurudumu la mbele. Lilikuwa limefungwa kwa mpira wa tyubu, umezungushwa vizuri na mafundo mawili. Mimi nilidhani mke wangu ndiye aliyefunga.

Akaniuliza, "Bosi, hiki kigari ni chenu?"

"Ni cha mtoto wangu."

"Fundo hili ni langu mimi," akasema. "Kuna dada alipita nacho hapa, mwezi uliopita hivi, anakwenda Dar. Gurudumu lilikuwa limechomoka, mtoto amembeba mgongoni, anakokota haya mengine. Akakaa chini pale kwenye nguzo, anahema vibaya. Nikamtafutia mpira nikamfungia. Nikamuuliza, dada, mume wako yuko wapi akusaidie? Akasema, 'Yuko nyuma, anakuja.' Nikamwambia basi tumngoje. Akaangalia mlangoni, akaangalia tena, akasema twende tu, atanikuta."

Halafu yule bwana akatabasamu. "Kumbe ni wewe. Anaendeleaje?"

Ndugu zangu, nawaambia nilichomjibu. Nilisema, "Anaendelea vizuri."

Nilimdanganya mtu aliyemsaidia mke wangu, huku mke wangu yuko barabarani ndani ya sanduku. Mke wangu alinifichia aibu kwa mtu asiyemjua, na mimi nikaendelea kujificha nyuma ya maneno yake.

Tukazika Butiama. Pale kaburini mzungumzaji akasimama akasema, huyu bwana alimhangaikia mkewe, alimpeleka mpaka kwa mabingwa, kwa ndege, hakubakiza kitu. Watu wakaitikia. Wazee wakanipa mkono. Baba mkwe wangu, ambaye ni mkulima wa pamba huku kwenu Bunda, akanishika bega akaniambia asante. Nami nikaipokea ile asante. Nafikiri siku ile ndipo nilipoanguka hasa. Mnaweza kudhani kifo ndicho kilichoniangusha. Ni ile asante.

Mtoto nikamwacha kwa mama yangu, nikarudi Bweri. Nikaanza kunywa. Gongo inauzwa karibu na karakana, hata safari haihitaji. Watu walinihurumia, walisema anamlilia mkewe, mwacheni. Nikachomelea geti la mtu likiwa limepinda, nikapoteza kazi, nikapoteza wateja. Miezi minne sikwenda kumwona mtoto. Nikipigiwa simu nasema nina kazi.

Siku moja mama yangu akapiga, hakuniomba, aliniamuru. Mtoto ana homa, njoo. Nikafika asubuhi. Zahanati iko juu kidogo, unapanda mlima wenye mawe. Mama akajifunga mtoto mgongoni, tukatoka. Mimi nikatangulia, kama wanaume tunavyotanguliaga. Katikati ya mlima nikasikia nyuma mtu anahema.

Nikageuka. Mama yangu, mzee wa magoti mabovu, ameegemea jiwe, mdomo uko wazi, mtoto mgongoni. Na mimi nimesimama mbele, mikono mitupu. Mfukoni nina simu tu.

Sikusikia sauti yoyote kutoka mbinguni. Nilisikia kuhema. Nikashuka, nikamwambia, "Mama, nipe." Akasema, "Unaweza?" Nikasema sijui. Akamfungua, nikainama, akanifunga yeye mwenyewe kwa kanga yake, mimi mwanaume mzima, na watu wanapita. Mtoto alilia kidogo. Homa ilikuwa inanichoma mgongoni. Tukapanda.

Tulipotoka zahanati nikamweleza mama yote: gurudumu, stendi, simu, mbeba mizigo. Nilitaka aniambie pole, mwanangu. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mbona unaniambia mimi? Siyo mtoto wangu aliyekufa. Nenda Bunda."

Wiki iliyofuata nikaja hapa, kwa wakwe zangu. Nikakaa mbele ya baba mkwe nikarudisha ile asante yake. Niliyasema yote bila kupunguza. Mama mkwe alinyanyuka katikati akaenda jikoni, hakurudi. Mzee akailaza fimbo yake chini.

Akasema, "Nimesikia. Utakula, kwa sababu ni nyumbani kwa babu wa mtoto wako. Lakini usije ukaniomba niseme yamekwisha."

Hajasema mpaka leo, na mimi sijamwomba. Kila mwisho wa mwezi namletea mjukuu wake, anampokea, ananipa kiti. Hapo ndipo tulipofika.

Pombe niliiacha kwa kujikwaa na kuinuka, mara tatu. Mtoto nilimchukua kwa mama, ninakaa naye Bweri mwenyewe. Namwogesha. Namsuka vibaya, lakini namsuka.

Nawashukuru wachache. Mama yangu, kwa kutonionea huruma siku nilipoitaka. Jirani yangu wa Bweri, mjane, anayekaa na mtoto ninapochomelea. Yule askari na yule mama wa usafi, ambao hawatajua kamwe kama nawataja. Na yule mbeba mizigo. Nilirudi Mwanza kumtafuta, nikamkuta. Nikamwambia, yule dada alifariki, na siku ile nilikudanganya. Akavua kofia. Akaniuliza swali moja tu: "Lakini ulimkuta?"

Nikamwambia sikumkuta.

Wanaume wenzangu, mafunzo makubwa sina. Mkeo akikwambia amechoka, usimuulize amechoka nini. Pokea alichoshika kwanza. Maswali yatakuwepo hata baadaye, yeye huenda asiwepo. Nanyi mama zangu, mtu asiyewasaidia msimfichie. Mimi nilifichiwa kwa upendo, na ule upendo uliniacha niendelee kuwa mtu mbaya mpaka kaburini kwake.

Nilikuwa na neno moja zaidi. Lakini nasikia mtoto analia huko nje, na hicho kilio nakijua. Ni wangu. Hapana, mama, kaa tu, usinyanyuke. Naomba njia nipite.